Japa au kirtani, uanze na ipi? (ni namna mbili za Wahindu kutaja jina la Mungu; nyimbo za bhajani na Chalisa nimeziweka pembeni)

Mara ya kwanza kumuona Ba na ule mfuko nlijua kaumia mkono. Nlikua keshia kwenye duka la vitambaa maeneo ya Kisutu pale Dar, na Ba ndo mama mzazi wa bosi, kila mtu dukani anamuita Ba, Wahindi wanamuita Ba, sisi Waswahili tunamuita Ba, hata mbeba mizigo anayekuja mara moja kwa mwezi nae anamuita Ba. Asubuhi anakaa nyuma ya kaunta kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umezama wote kwenye mfuko wa kitambaa ulioshonwa kama soksi kubwa, kidole cha shahada tu ndo kimechomoza nje kwenye kitundu, midomo inacheza lakini husikii kitu. Ukimuuliza bei anakuinulia mkono wa kushoto, yaani ngoja. Wiki ya pili nkashindwa kuvumilia nkamwambia Ba pole, mkono bado unauma? Akacheka mpaka mabega yakatikisika, alafu akasema "hapana uma mwanangu, nahesabu jina ya Mungu, sasa umenipoteza, naanza tena mwanzo, we leta chai".

Ile ndo japa. Kirtani nlikuja kuijua miaka kadhaa baadae nikiwa Nairobi, rafiki alinivuta Jumapili moja kwenye programu ya Hare Krishna, jumuiya ya waja wa Krishna, nkaingia na aibu zangu nkakaa nyuma karibu na mlango ili nitoroke mapema, saa moja na nusu baadae nko katikati ya watu naruka, viganja vinawaka moto, sauti imekauka, na ile daladala ya kichwa yangu ambayo huwa haisimami kituo chochote imezimwa injini kabisa.

Tangu hapo watu wananiuliza, hasa walioanza yoga wakasikia "Om" wakatamani zaidi, na swali linakuja vilevile kila siku: mantra ipi, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, ina nguvu? Mi najibu hilo sio swali la kwanza. La kwanza ni utaitamka vipi, peke yako unahesabu au na watu mnaimba, maana ukikosea hapo hata upewe mantra iliyoshuka kutoka kilele cha Himalaya utaiacha ndani ya wiki tatu. Kwaiyo nazilinganisha hizi mbili, zingine nazipitia juujuu mwishoni.

Kitu kimoja kabla sijaenda mbali. Hii ni ibada. Sio mazoezi ya kupumua yaliyovalishwa nguo za Kihindi, jina linalotajwa ni jina la Mungu kwa hao wanaolitaja, awe Krishna, Rama, Shiva au Mama Durga. Kama dini yako haikuruhusu, au moyo wako haujatulia nalo, bora ukae usikilize tu kuliko kutamka huku unajiambia ni sauti tu. Wenyewe hawatakulazimisha, mi sijawahi kulazimishwa popote.

Zenyewe ni nini

Japa ni kurudia jina moja au mantra moja kwa hesabu. Chombo chake ni mala, ambayo ni tasbihi yenye shanga 108 na moja kubwa ya juu inaitwa meru. Tasbihi ya Kiislamu tumezoea 99 au 33, rozari ya bibi yangu ilikua na 59, hii ni 108, na ukiuliza watu kumi kwanini 108 utapata majibu kumi na mbili so hapo tusipotezeane muda. Unashika ushanga kwa kidole gumba na cha kati, unatamka, unavuta kuelekea kwako, unashika mwingine. Kidole cha shahada hakigusi, ndo maana kile cha Ba kilikua kimefukuzwa nje ya mfuko. Ukifika kwenye meru hauivuki, unageuza mala unarudi ulikotoka. Wafuasi wa Vishnu na Krishna wanapenda mala ya mti wa tulsi, ambao ni ndugu wa mrehani wetu, wafuasi wa Shiva wanapenda mbegu za rudraksha zile zenye mikunjo kama ubongo. Mfuko unaitwa gomukhi, kazi yake ni kuficha hesabu yako na kuzuia mala isiburuzike chini.

Kirtani ni kupokezana. Kiongozi anatoa mstari, mnaujibu wote, anautoa tena kwa lahani nyingine kidogo, mnaujibu, na maneno ni yaleyale mwanzo mpaka mwisho. Inaanza polepole kabisa kama watu wamechoka, alafu ngoma inaongeza, matoazi yanaongeza, ukija kushtuka watu wamesimama. Aliyekulia na mapambio ya kanisani au kasida za maulidi ataelewa dakika ya kwanza. Vyombo ni ngoma ya mridanga, matoazi madogo ya shaba yanaitwa kartal, na harmoniamu, kile kinanda cha kupuliza kwa mkono ambacho wazee wa taarab ya Mombasa wanakijua vizuri tu. Na cha kuchekesha ni kwamba harmoniamu asili yake ni Ulaya, ilitoka Ufaransa miaka ya 1840, India wakaifanyia ukarabati wa kuchezwa mtu akiwa amekaa chini, alafu redio ya taifa ya India ikaipiga marufuku hewani kuanzia 1940 mpaka 1971 kwa hoja kwamba haiwezi kuteleza kati ya noti na noti kama muziki wa Kihindi unavyotaka. Leo ukienda kirtani bila harmoniamu watu wanauliza imeenda wapi.

Angalia neno lenyewe lakini, maana linabadilika ukibadilisha mtaa. Jimbo la Maharashtra huko India ukiambiwa kirtani unaweza kukuta mtu mmoja amesimama anahubiri, anasimulia hadithi za watakatifu, anachomekea nyimbo katikati, watu wamekaa wanasikiliza. Kwa Wagujarati wa madhehebu ya Vallabhacharya, kina Ba, kirtani ni nyimbo za washairi wa zamani kama Surdas zinazoimbwa mbele ya Krishna kufuata saa ya siku, wimbo wa asubuhi hauimbwi jioni. Kwa Masingasinga, ambao sio Wahindu wana dini yao, kirtani ni kuimba maandiko ya Guru Granth Sahib, na kama umewahi kusimama Makindu kwenye njia ya Nairobi kwenda Mombasa ukala pale gurdwara, hekalu lao, basi umeisikia. Mi hapa naposema kirtani namaanisha ile ya kupokezana, ya Bengal, eneo la mashariki mwa India na Bangladesh.

Kimya au sauti, huu ugomvi ni wa kale

Hapa ndo pana utamu na ndo pana uamuzi wako.

Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, sura ya 2 mstari wa 85, zinapanga ngazi: japa ni bora mara 10 kuliko kafara za kawaida, japa ya kunong'ona ambayo jirani haisikii ni mara 100, japa ya moyoni bila hata mdomo kucheza ni mara 1000. Kwaiyo kadiri unavyonyamaza ndo unapanda. Watu wa japa wana huu mstari mfukoni siku zote, na wanaongeza na Bhagavad Gita, andiko la mazungumzo ya Krishna, sura ya 10 mstari wa 25, Krishna anasema miongoni mwa kafara zote mimi ni japa.

Sasa nenda Bengal miaka ya 1500. Kuna mtu anaitwa Haridas, inasimuliwa alizaliwa kwenye familia ya Kiislamu, akawa anataja majina 300,000 kwa siku, na anataja kwa sauti. Bramini mmoja, mtu wa tabaka la makuhani, akamkabili hadharani, kwanini unapiga kelele wakati maandiko yanasema jina litajwe moyoni? Haridas akamjibu kwamba anayetaja kimya anajilisha mwenyewe, anayetaja kwa sauti analisha na wengine, mpaka ndege na wadudu wasioweza kutamka nao wanapata fungu lao kwa kusikia. Mi jibu hilo lilinimaliza. Na watu wa kirtani nao wana Gita yao, sura ya 9 mstari wa 14, inataja waja wanaomsifu Krishna wakati wote, na wana Bhagavata Purana, andiko la hadithi za Krishna, inayosema kilichopatikana enzi za kale kwa kutafakari, kwa kafara na kwa ibada za hekaluni, kwenye hii enzi yetu ya Kali kinapatikana kwa kumuimba Hari, yaani Krishna. Kwaiyo mtu asikutishe na andiko, pande zote mbili zimejaza.

Maoni yangu mimi: Manu yuko sahihi kuhusu mwisho wa safari, Haridas yuko sahihi kuhusu mwanzo. Japa ya moyoni kwa mtu mgeni ni usingizi uliopewa jina la Kisanskriti. Nimejaribu. Nakaa, nafumba macho, Krishna, Krishna, Krishna, alafu nko kwenye foleni ya benki, alafu nadaiwa na mtu, alafu shingo imedondoka. Nlivyoanza kunong'ona, yaani masikio yangu yanasikia lakini aliyelala pembeni hasikii, ndo kidogo ikakaa. Ba nae, ukisogea karibu sana, unasikia upepo wa maneno. Shri Krishna Sharanam Mama. Krishna ndo kimbilio langu. Silabi nane tu, na amezitaja tangu msichana.

Kuta za nyumba yako

Watu hawalifikirii hili mpaka jirani agonge.

Kirtani ni kelele, tusidanganyane, ni kelele nzuri lakini kelele. Na sio tatizo la leo. Chaitanya, huyo ndo baba wa kirtani ya Bengal, aliishi 1486 mpaka 1534, alianzia mji wa Nabadwip, na vitabu vya maisha yake vinasimulia kwamba watu walienda kushtaki kwa Kadhi wa pale, hawa wanapiga ngoma usiku hatulali. Kadhi akapiga marufuku, ngoma moja ikavunjwa kabisa. Chaitanya akajibu kwa kuwatoa watu barabarani usiku na mienge, umati kwa umati, wanaimba mpaka mlangoni kwa Kadhi, wakakaa wakaongea, Kadhi akalegeza. Nakubali ni hadithi ya kishujaa, lakini wewe umepanga chumba kimoja na sebule, ukuta wa tofali moja, mwenye nyumba anaishi mlango wa mbele. Usiende kwake na mienge.

Kwaiyo kama unaishi nyumba za kupanga, au na mume au mke ambaye hayuko kwenye hayo mambo, au una mtoto mchanga, japa inakufaa nyumbani na kirtani unaifuata hekaluni. Japa unaifanya kwenye basi, kwenye foleni, unamsubiri mtu aliyesema nko njiani tangu saa mbili. Kirtani ya peke yako chumbani inawezekana, kuna wenye moyo huo, ila mi naiona kama kucheza bao peke yako, unajijibu mwenyewe.

Muda, na ile hesabu ya raundi 16

Raundi moja ya mala na mantra fupi kama ya Ba inaisha haraka sana. Mantra ya Hare Krishna ni ndefu, maneno 16, raundi moja ya mara 108 kwa mtu aliyezoea ni kama dakika 7 hivi, mgeni anaweza kwenda 12 au 15. Waliochukua kiapo kwenye jumuiya ya Hare Krishna, ile aliyoianzisha Bhaktivedanta Swami Prabhupada pale New York mwaka 1966, wanafanya raundi 16 kila siku. Piga hesabu, 16 mara 108 ni mantra 1728, kama saa mbili, kila siku, ukiwa na homa, ukiwa na msiba, ukiwa safarini. Huyo mzee alifika mpaka Nairobi 1971 na alikua na miaka zaidi ya sabini wakati anazunguka dunia.

Nawaambia hii kwa sababu kosa namba moja nililoliona ni mtu kuingia na moto wa kirtani ya Jumapili, Jumatatu anajitangazia raundi 16, Alhamisi mala iko juu ya kabati. Anza na moja. Moja kila siku, saa ileile, sehemu ileile, miezi miwili mitatu. Ikianza kukuuma ukiikosa, kama chai, ongeza.

Kirtani yenyewe haina hesabu, ina ratiba ya wengine. Saa moja, masaa mawili, na kuna za kukesha za masaa 24 ambazo waimbaji wanapokezana. Za kupitiliza zipo pia. Mji wa Jamnagar huko Gujarat kuna hekalu la Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, pembeni ya ziwa, wamekua wanaimba Shri Ram Jai Ram Jai Jai Ram bila kukata tangu tarehe 1 Agosti 1964, usiku na mchana, watu wa kujitolea wanaingia kwa zamu kama walinzi. Ba kwao ni pande hizohizo, na aliniambia zamu ngumu ni ya saa tisa usiku, wanabaki wachache tu na harmoniamu na macho mekundu, na hiyo ndo zamu wazee wanayoigombania.

Kila moja inaharibika kivyake

Japa inaharibika kwa ukavu. Siku za mwanzo ni tamu, alafu inakuja miezi ambayo unahesabu shanga kama keshia anahesabu chenji, na mi nimekua keshia naijua ile hali, mkono unaenda wenyewe wala haupo. Utaanza kuangalia zimebaki ngapi. Utaanza kumeza maneno, Hare Krishna inakua "hakisna hakisna" ili uwahi. Dawa niliyopewa ni moja tu na ni ya kizamani, sikia unachotamka, kila neno, ukigundua umepotea usijilaumu, rudi kwenye ushanga ulioshika. Ingine ni zile apu za kuhesabu. Nlitumia wiki mbili, kila nkibonyeza naona meseji imeingia juu, nkarudi kwenye shanga za mti. Shanga haina notifikesheni.

Kirtani inaharibika kwa utamu. Unakua shabiki. Unaanza kuchagua, huyu anaimba vizuri naenda, yule sauti yake mbovu siendi, unarekodi klipu, unapiga picha na muimbaji, na kiongozi nae akiona simu 40 zimeinuka anaanza kupamba lahani mpaka watu hawawezi kumjibu, na kirtani isiyojibika imeshakua konseti. Kipimo changu ni hicho, bibi wa miaka 80 aliyekaa kwenye kona anaweza kujibu? Kama hawezi, mmepotea njia. Chaitanya mwenyewe hakuacha maandishi mengi, kuna beti nane tu zinazohesabiwa ni zake, na ubeti wa tatu unasema jina liimbwe na mtu anayejiona mnyonge kuliko jani la majani na mvumilivu kuliko mti. Sidhani mti unapiga selfie.

Alafu kuna ile Jumatatu. Kirtani inakuinua juu, kesho yake ofisini unashuka kama lifti iliyokatika kamba, na mtu asiyekua na kitu cha kila siku anaanza kuishi kwa kusubiri Jumapili. Japa haikuinui hivyo. Ba sikuwahi kumuona ameruka, sikuwahi kumuona analia kwa furaha. Ila siku duka liliibiwa, tumefungua asubuhi tukakuta kufuli limekatwa na marobota ya vitenge hayapo, bosi anapiga simu anatukana, sisi tunatetemeka tutashukiwa, Ba alivuta kile kiti chake cha plastiki katikati ya vurugu akaingiza mkono kwenye mfuko, akamaliza raundi, alafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, nani bado hajanywa chai.

Mwalimu, na mantra za kuuzwa

Hapa kuwa makini. Kuna majina na kuna mantra za kupewa. Majina ya Mungu, Ram, Krishna, Narayan, Shiva, yako wazi, Chaitanya kwenye ubeti wake wa pili anasema wazi hakuna masharti ya muda katika kuyakumbuka. Mantra zingine zinatolewa na guru kwa mwanafunzi, sikioni, kwenye tendo linaloitwa diksha, na bila hiyo wenyewe wanakuambia ni mbegu isiyopandwa. Kwa kirtani swali hili halipo kabisa, unaingia unajibu, imeisha. Kwa japa lipo, lakini la baadae, hata jumuiya zenye diksha zinakuacha utaje jina miezi au miaka kwanza.

Mi niliwahi kutapeliwa kiboya. Kuna mtu mtandaoni akanisomea nyota akasema mantra yangu binafsi ipo, nitume hela anitumie. Nkatuma. Ikaja mantra ambayo imechapishwa nyuma ya kalenda za bure za maduka ya Kihindi, ile kabisa, ilikua ukutani dukani kwetu miaka yote. Nlivyomuonyesha Ba hakucheka safari hii. Akaniuliza umelipa ngapi, nkamwambia, akanyamaza, alafu akasema kwa hela hiyo ungeshona mifuko ishirini.

Za pembeni

Bhajani ni wimbo wenye beti, shairi kamili, la Mirabai, la Kabir, la Narsinh Mehta yule Mgujarati wa miaka ya 1400 ambaye Gandhi aliipenda sana bhajani yake moja kuhusu mtu anayejua maumivu ya mwenzie. Uzuri wake ni maana, kuna hadithi na mafundisho ndani. Ubaya kwa mgeni ni lugha, wenzio wanaimba Kigujarati na Kihindi cha zamani wewe unatingisha kichwa. Nzuri kusikiliza huku unapika.

Hanuman Chalisa naipendekeza kwa wale wanaotaka kitu chenye mwanzo na mwisho. Ni ya mshairi Tulsidas, ya kumsifu Hanuman, kwa lugha ya Awadhi ya kaskazini mwa India, beti 40 na za kufungulia na kufungia, dakika kama 10, watu wengi wanaisoma Jumanne na Jumamosi. Mtu anayeona japa inachosha kwa sababu "nasema kitu kilekile" mpeleke huku. Ukiihifadhi hauhitaji mala wala ngoma.

Ukariri wa Veda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu, ni dunia nyingine. Ile ina sauti tatu, ya kupanda, ya kushuka na ya kuchanganya, ukikosea moja umekosea, inafundishwa mdomo kwa sikio miaka na miaka, UNESCO waliitambua mwaka 2003 kama urithi wa binadamu. Kimila ilikua ya wanaume waliopitia jando lao la uzi mtakatifu, siku hizi wapo wanawake wanaosoma na kufundisha, ingawa wazee wengine hawajakubali mpaka leo. Mantra ya Gayatri, iliyo kwenye Veda inayoitwa Rigveda 3.62.10, silabi 24 za kuliomba jua liangaze akili, ndo watu wengi wanaijua kupitia YouTube ikiwa imewekewa kinanda na mawimbi ya bahari. Kama unaitaka kweli tafuta mwalimu, hii haijifunzwi kwenye basi.

Sasa wewe

Kama ni mtu wa watu, unaongea na konda mpaka unapitiliza kituo, ukikaa peke yako dakika tano unashika simu, anza na kirtani, nenda mara nne kabla hujaamua, ya kwanza utaona aibu na ya pili utaona ni kama ya kwanza. Mahekalu mengi ya Hare Krishna yana programu ya Jumapili, kirtani, mafundisho, chakula bila nyama wala kitunguu.

Kama umati unakuchosha, au umefiwa, au una zamu za usiku, japa. Mtu aliyefiwa nisingempeleka kwenye ngoma mwezi wa kwanza, ingawa najua wapo watakaonibishia na Wabengali wana kirtani za msibani kabisa.

Kama huna uhakika, raundi moja kila alfajiri ya kunong'ona na kirtani moja kwa wiki. Ndo mi nafanya, na japa yangu ya Jumatatu ina harufu ya Jumapili, maneno yanakuja na lahani yake ndani ya kichwa.

Mala nunua ya mti, shanga zisiwe ndogo sana zitateleza, ipitishe kwenye vidole kabla ya kulipa usikie kama mafundo kati ya shanga yapo, zile zisizo na mafundo zikikatika zinatawanyika dukani zote. Usiivae chooni, usiiweke chini. Hekaluni viatu nje, kaa chini, usinyooshe miguu kuelekea madhabahuni, na wakikuletea prasadi, chakula kilichotolewa kwanza kwa Mungu, pokea kwa mkono wa kulia. Ile halva ina siagi nyingi sana, usiingie na shati jeupe.